NILIPOMTULIZA BIBI, MAMA AKAPOTEA!

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya viatu na mitindo ya nywele. Nina kisa cha nyumbani kwetu, na kwa jinsi ninavyowajua watoto wa mjini mnavyopenda kurekodi kila kitu kwa simu, naamini kitakugusa na wewe.

Mwaka jana dada yangu alifanyiwa send-off. Ukumbi ulijaa, bendi ya tarumbeta ilikuwepo, MC alikuwa anapiga kelele mpaka spika zinakoroma. Bibi yetu, mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe asiyechanganya na maji, alikaa meza ya mbele ametulia kama mgeni rasmi. Basi bwana, jamaa wa tarumbeta si wakaligeuza pigo wakaingia kwenye mdundiko! Bibi akasimama. Mwanamke wa miaka zaidi ya 70, magoti yanamsumbua, akajifunga khanga kiunoni, akaingia katikati. Ukumbi mzima ukasimama.

Mimi nikachomoa simu nikakimbilia mbele. Nilikumbuka kuilaza simu, hilo najisifu. Mengine yote niliharibu. Nilikuwa nacheka, napiga miluzi, natembea huku narekodi, na watu wanaokwenda kumtunza wananipiga vikumbo. Bibi aliponiona akanipungia mkono na kunitania kama kawaida yake, "Mume wangu, njoo ucheze na mkeo!" Nikazidi kutetemeka kwa kicheko. Video nzima ni sekunde 48.

Miezi mitatu baadaye Bibi alifariki. Tukamzika kwao.

Hapo ndipo ile video ilipogeuka kuwa mali. Picha za mnato za Bibi tunazo, lakini zote amekaa kitini na kanuna, maana zamani mtu akipigwa picha alikuwa hacheki. Bibi anayecheza yuko sehemu moja tu duniani, kwenye zile sekunde 48. Mama aliponiomba nimwonyeshe, alitazama kidogo akanirudishia simu. "Mwanangu, inanitia kizunguzungu. Kama niko ndani ya mashua."

Iliniuma. Nikasema lazima niitulize.

JELI

Nilianza mwenyewe. Nikapakua programu moja ya bure kwenye simu, nikabonyeza kitufe cha kutuliza, nikasubiri. Kilichotoka ni kichekesho. Mtikisiko ulipungua kweli, lakini nguzo za ukumbi zikawa zinajinyonga kama jeli, na kichwa cha Bibi kinarefuka na kufupika. Nikaifuta haraka mama asije akaiona.

Ndipo mshikaji mmoja akanielekeza Sinza, kwa fundi anayehariri video za harusi. Chumba kidogo, kompyuta mbili, feni moja, na bango la bibi harusi lililokwisha kupauka. Fundi ni kaka mkubwa tu, wa makamo, mwenye maneno yake. Nikampa video.

"Dogo, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kundi la familia, kaka. Niliirusha huko siku ileile."

Akatikisa kichwa. "Umeniletea mifupa. Nyama iko wapi?"

Akanieleza kwamba video ikirushwa kwenye makundi ya meseji huwa inabanwa ili iwe nyepesi. Sasa kazi ya kutuliza inataka kuikuza picha, na ukiikuza iliyobanwa, sura ya mtu inageuka miraba miraba kama sakafu ya vigae. Akataka ile ya asili. Moyo ukanipasuka paa! Simu niliyorekodia nilikwisha kuiuza. Nilizunguka siku mbili kabla sijakumbuka kwamba binamu yangu alihamisha video za sherehe kwenye laptop yake usiku uleule. Nikaipata. Ya asili, upana pikseli 1920, kimo pikseli 1080.

Kwa hiyo somo la kwanza hilo, msomaji wangu. Iliyo kwenye kundi ni kivuli. Ya asili itunze kama cheti cha kuzaliwa.

HERENI NA NGUZO

Fundi akaanza kazi, nami nikavuta kigoda kukaa nyuma yake.

Video, alisema, ni picha za mnato zinazokimbia. Simu yangu ilipiga picha 30 kila sekunde. Sekunde 48 ni picha 1,440. Mkono ukitikisika, kila picha inakaa mahali tofauti kidogo na mwenzake. Dawa yake ni kujua kila picha imesogea kiasi gani, halafu kuirudisha kiasi hichohicho upande wa pili. Ikienda kulia pikseli 30, unaivuta kushoto 30. Ikipanda, unaishusha. Kazi imekwisha.

Swali ni kompyuta itajuaje picha imesogea? Hapo ndipo kwenye kufuatilia nukta. Unachagua alama moja inayoonekana vizuri, yenye weusi na weupe unaogombana, unaichorea kiboksi. Kompyuta inaikariri ile alama, inaitafuta kwenye picha inayofuata, kisha inayofuata tena, na kila ikiiona inaandika iko wapi. Mwisho unapata orodha ya safari nzima ya mkono wako.

Mimi kwa kiherehere nikamwambia, "Kaka, mfuate Bibi. Hiyo hereni yake inang'aa vizuri."

Akacheka. "Sawa, mteja ni mfalme." Akaweka kiboksi kwenye hereni ya Bibi, akaachia.

Wee! Nilichokiona sitasahau. Bibi amesimama wima katikati ya kioo, kichwa hakiendi popote, kama sanamu. Na ukumbi wote, meza, nguzo, watu na maua, unarukaruka na kuyumba nyuma yake. Ngoma yote Bibi aliyoicheza nilikuwa nimemnyang'anya nikawapa viti!

"Umeona?" akasema fundi. "Unayemfuata ndiye unayemfunga kamba. Kama unataka mtu acheze, funga ukuta."

Akafuta, akaanza upya. Safari hii akachagua vitu vya ukutani visivyo na miguu, utepe mweupe kwenye nguzo, na swichi ya feni mita chache kando yake. Nikauliza kwa nini viwili. Akasema nukta moja inakuambia picha imekwenda kushoto au kulia, juu au chini, basi. Nukta mbili zinakuambia na mengine mawili. Ukichora mstari kati yake, mstari ukiinama ujue mkono uliinama. Na umbali kati yake ukiongezeka ujue mpigaji alisogea mbele. Akanionyesha. Mwanzo wa video nukta zilikuwa mbali pikseli 400, mwisho 480. Kumbe nilikuwa nikimsogelea Bibi kidogo kidogo bila kujua.

Nikaona mambo mepesi. Wapi! Sekunde ya 19 mhudumu akapita na kreti la soda, akaiziba nguzo. Kompyuta ikapoteza utepe mweupe, ikadaka shati jeupe la mhudumu, ikaondoka naye mpaka nje ya picha. Video ikaruka kama imepigwa shoti. Ikabidi fundi arudi nyuma, aiwekee kiboksi kwa mkono picha mojamoja mpaka yule mhudumu apite. Nusu saa nzima kwa ajili ya kreti la soda.

HATA NASA WALIFANYA

Usidhani haya ni mambo ya harusi tu. Mwaka 1996 michezo ya Olimpiki ilifanyika Atlanta, Marekani. Usiku wa kuamkia Julai 27 bomu lililipuka kwenye bustani ya Centennial Olympic Park. Wapelelezi wa FBI wakawa na video iliyopigwa kwa mkono, usiku, ina giza na inayumba. Wakaomba msaada kwa wanasayansi wawili wa NASA kule Huntsville, Alabama. Mmoja ni David Hathaway, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza Jua. Mwingine ni Paul Meyer, mtu wa mambo ya hali ya hewa. Hao walikwisha zoea kupanga picha za Jua na za mawingu zikae sawasawa ili waone kinachobadilika.

Kutokana na kazi hiyo wakatengeneza programu iliyoitwa VISAR. Inarekebisha kusogea kwa picha, kuinama kwake, na kukua au kupungua kwake pale mpigaji anapovuta kamera. Ni yaleyale ya nguzo na swichi! Kisha inazipanga picha nyingi zilizotulizwa moja juu ya nyingine, na chenga zinapungua.

Wacheza filamu wao waliipata dawa ya kuzuia kabla ya kutibu. Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam miaka ya 1970, kifaa cha kuvaa mwilini chenye mkono wa springi unaomeza hatua za mpigaji. Kilitumika kwenye filamu ya Rocky ya mwaka 1976, ile yenye ngazi za Philadelphia. Uzuri wa kifaa kama hicho ni kwamba hakikati kitu kwenye picha. Kitufe cha kompyuta kinakata. Na hapo ndipo kimbembe changu kilipoanzia.

WEUSI PEMBENI

Fundi alipomaliza kurudisha kila picha mahali pake, nguzo ilisimama kama imepigiliwa msumari. Ila kando kando kukawa na weusi unaochezacheza, mara kushoto, mara juu. Ni haki yake. Ukiivuta picha kwenda kushoto, upande wa kulia unabaki uchi.

"Sasa tunaikuza," akasema. Akaongeza ukubwa polepole, 110, 120, 130, mpaka 140 kwa mia. Weusi wote ukatoka nje ya kioo. Bibi akaonekana mkubwa, katulia, anacheza mdundiko kama mtu aliyepigwa na kamera ya televisheni. Nilipiga kofi. Nikalipa shilingi 30,000 bila kubishana, mtoto wa mjini nikasahau hata kuomba punguzo.

Jioni nikaiunganisha kwenye televisheni ya nyumbani. Mama akakaa. Safari hii hakupata kizunguzungu. Alitazama mpaka mwisho, mkono mdomoni. Ilipokwisha akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mimi niko wapi?"

"Wapi, mama?"

"Mwishoni. Nilikwenda kumfuta jasho. Si nilikuwa pale?"

Nikarudisha. Sekunde ya 37, upande wa kulia, inaingia ncha ya khanga. Inagusa paji la uso la Bibi, inatoka. Mwenye khanga hayupo. Bibi anageuka, anacheka na mtu ambaye haonekani.

Nikafungua ile ya asili, ile ya mashua. Mama yuko! Pembeni kabisa kwa kulia, amesimama karibu na mama yake, wanatazamana.

Mama hakugomba. Alisema tu, "Basi mwanangu, nzuri hivyo hivyo," akainuka kwenda jikoni. Ungekuwa wewe ungelala?

HESABU YA PEMBENI

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa fundi. Nikamweleza. Akakuna kidevu, akasema kosa ni la wote wawili. Yeye hakuuliza nani ni nani, mimi sikutazama pembeni.

Kisha akanifanyia hesabu ambayo nakuletea kama ilivyo, maana shuleni ningeisinzia lakini pale niliifuata kwa macho yote mawili. Ukiikuza picha mpaka 140 kwa mia, upana unaobaki kuonekana ni kama 71 kwa mia tu ya ule wa mwanzo. Kimo nacho hivyohivyo. Zidisha 71 kwa 71, unabaki na kama nusu ya picha. Nusu nzima umeitupa! Kwa upana wa pikseli 1920, hizo ni pikseli 270 na ushee kila upande. Mama alikuwa amesimama ndani ya pikseli 200 za mwisho. Hakuwa na pa kupona.

"Sasa kwa nini ilifika 140?" nikauliza.

Akanionyesha. Mtikisiko mkubwa ulikuwa mmoja tu, sekunde ya 12, nilipopigwa kikumbo. Weusi wa sekunde hiyo moja ndio uliolazimisha video nzima ikuzwe kiasi kile. Yaani sekunde moja ya kikumbo ndiyo iliyomtoa mama sekunde 25 mbele yake. Na sababu ya pili, tulitaka nguzo isimame kabisa kama msumari, tukafuta hata zile hatua zangu za kusogea mbele.

"Ulikuwa unamfuata bibi yako," akasema. "Kwa nini tuzifute hatua hizo? Tufute tetemeko, mwendo tuuache."

Basi akabadilisha utaratibu. Badala ya kuirudisha kila picha mahali pamoja, akaiambia kompyuta ichukue wastani wa kila picha na majirani zake, ili mwendo uwe laini lakini ubaki mwendo. Mara weusi ukapungua, maana picha haikuvutwa mbali tena. Kisha akaweka ukubwa unaobadilika. Kwenye kikumbo, 130. Baada ya hapo ukashuka polepole sana, sekunde kwa sekunde, ili jicho lisigundue, mpaka mama anapoingia ni 112 tu. Na kwenye sekunde 11 za mwisho akaisogeza picha yote kushoto kidogo, hasara iangukie upande wa kushoto ambako kulikuwa na viti vilivyopangwa na dumu la maji. Viti havina mtoto wa kuviulizia.

Haikutoka safi kama ile ya kwanza, nikuambie ukweli. Inayumba kidogo, kama mtu anayepumua. Kuna sehemu mbili picha ina ukungu, nikauliza kama hilo nalo halitulizwi. Hapana. Ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu na mkono ulikwenda kasi, kwa hiyo taa na nyuso zilijipaka kwenye picha kama rangi mbichi. Kompyuta inaweza kuirudisha picha mahali pake. Sura iliyokwisha kupakazwa haiiokoi. Na ile jeli ya mwanzo je? Akasema simu nyingi hazichukui picha yote kwa mpigo, zinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Mkono ukitikisika kabla haijamaliza, nguzo inalala. Ipo dawa ya kupunguza, akaiweka, ila haimalizi yote.

Hela hakuchukua mara ya pili. Alinituma soda, nikamletea mbili.

KABLA HUJABONYEZA

Nimekuwekea mambo machache, uyakate uyabandike ukutani. Ukirekodi kitu cha maana, bana viwiko mbavuni, shika simu kwa mikono miwili, na simama. Mtu anayecheza ndiye anayetakiwa kutembea, siyo wewe. Rudi nyuma hatua moja zaidi ya unavyotaka, ili pembeni kubaki na nafasi ya kukatwa. Ujue pia kwamba simu nyingi zinapotuliza zenyewe wakati wa kurekodi, nazo huwa zinakata pembeni palepale, na hicho kilichokatwa hakirudi.

Ukifika kwenye kutuliza, hesabu kwanza watu. Itazame ya asili mpaka mwisho, macho pembeni, siyo katikati. Nani anaingia? Nani anatoka? Mkono ule ni wa nani? Ukimaliza ndiyo ubonyeze. Na ya asili usiifute hata kama imekutia kichefuchefu.

Mama nilimwekea ile ya pili Jumapili baada ya chakula. Sikumwambia nimebadilisha nini. Sekunde ya 37 akajiona anaingia na khanga yake, anamfuta mama yake jasho. Bibi anageuka. Wote wawili wanacheka, midomo wazi, hakuna anayejali kamera.

"Kumbe nilikuwa nacheka," mama akasema. Kisha akanitaka nirudishe.

Nimeirudisha mara sita siku ile. Wiki ijayo tutarudi kwenye viatu, nakuahidi.